Kopo Lisipigwe

Nilirudi kwa baba yangu, mtaani Kabondo, kama nilivyozoea kurudi, mikono mitupu na simu moja nzuri. Nilikuwa nimetoka Banalia, ambako nilikaa msimu mzima nikitengeneza simu za watu na kuwawekea nyimbo. Kabla ya hapo nilibeba mizigo uwanja wa ndege wa Bangboka, na kabla ya hapo nililala juu ya magunia ya mpunga katika boti za mtoni, nikimsumbua kila fundi wa injini kwa maswali. Shule niliiacha mapema. Haikunishinda, ila niliona dirishani kuna mambo mengi kuliko ubaoni. Baba hakunisamehe jambo hilo, lakini kila niliporudi alinisogezea kiti bila kuniuliza ninakaa mpaka lini.

Yeye alikuwa mtu wa mto. Kwao ni upande wa Yanonge, na nguvu zake zote alizimalizia kwenye boti za mizigo. Sasa alikuwa peke yake nyumbani. Mama alikuwa amekufa zamani. Dada yangu, mkubwa wangu, alikuwa ameondoka kwa ugomvi. Alipenda mwanamume ambaye baba hakumtaka, na siku watu wa yule mwanamume walipokuja kujitambulisha, baba aliwaambia mbele ya dada kwamba katika nyumba hii hana mtoto wa kike, wamekosea mlango. Dada alisimama, akafunga nguo zake katika kitenge, akapanda boti ya Kinshasa. Namba yake ya simu ikafa. Baba hakulitaja jina lake tena, nasi tulizoea kula bila kutazama kiti alichokuwa akikalia.

Mambo ya video yalianza kama mchezo. Mchana mmoja nilimrekodi akionja lituma, ndizi za kupondwa, niliyopika mimi. Alitafuna taratibu, akatazama juu kama hakimu, akasema, “Hii iko maji tu.” Niliiweka mtandaoni nikalala. Nilipoamka watu walikuwa wanacheka mji mzima. Nikamletea biskuti, samaki wa kopo, chai ya tangawizi, kila kitu alikionja kwa uso uleule mzito. Kikimpendeza alisema, “Iko na roho.” Vijana wa pikipiki walipopita mbele ya nyumba wakawa wanampigia kelele, “Papa, leo iko na roho ao iko maji?” Naye aliinua mkono bila kuwajibu, kama mkubwa fulani ambaye ana mambo mengi.

Ndipo mwanamke mmoja wa ajansi ya matangazo Kinshasa aliponiandikia. Alikulia Bukavu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, na mimi nikamwita yaya, yaani dada mkubwa, tangu siku ya kwanza. Kampuni moja ya maziwa ya unga ilikuwa imemwona baba, ikamtaka aonje maziwa yao. Yaya akanieleza namna kazi inavyokwenda. Kwanza kampuni inatoa maelekezo. Mimi naandika maneno yatakayosemwa, wanayasoma, wanayapitisha. Halafu narekodi, natuma, wanaangalia, wanasahihisha, narekodi tena. Kabla hawajaandika neno “validé”, yaani imepitishwa, video hiyo haionwi na mtu. Ikishapita, kampuni yenyewe inaitoa kwenye ukurasa wake na kuisukuma mpaka ifike kwenye simu za nchi nzima.

Mimi napenda kujua namna vitu vinavyofanya kazi kwa ndani. Nilimuuliza yaya ni nani hasa anayeangalia. Akacheka, akasema ni wengi. Yuko msimamizi wa matangazo, yuko mtu ambaye kazi yake ni kulinda rangi ya kampuni isifananishwe na rangi ya wengine, yuko mwanasheria, na juu yao wote yuko bosi ambaye husema neno moja tu, tena baada ya siku nyingi. Nilishangaa kwamba baba yangu, akiwa ameketi Kabondo na kijiko mkononi, atapita mbele ya macho yote hayo.

Baba hakushangaa. Aliuliza jambo moja.

“Itafika mpaka Kinshasa?”

“Kinshasa yote, papa.”

Kesho yake asubuhi nilimkuta amenyoa ndevu, amevaa shati alilokuwa akivaa kwenda misa ya Pasaka.

Nilijua sababu. Jirani yetu mmoja, mama anayeuza vitenge, husafiri kwa boti kwenda Kinshasa na kurudi. Yeye ndiye aliyetuletea habari kwamba dada yuko hai, anauza nguo kwa njia ya simu, anashinda ndani ya simu kutwa nzima. Ila anatumia jina gani humo, mama hakujua, na dada alikuwa amemkataza kutupatia namba; sasa mama mwenyewe alikuwa ameondoka tena. Nilikuwa nimemtafuta mtandaoni kati ya nyuso nyingi nikachoka. Baba, ambaye hata kuwasha simu hakujua, alikuwa amefikia wazo lake mwenyewe. Ikiwa mtoto yuko ndani ya simu, basi na yeye aingie ndani ya simu.

Tulirekodi kivulini nyuma ya nyumba. Kopo la maziwa mezani, kikombe, kijiko. Baba alikoroga, akanywa, akatazama juu, akasema lile neno lake. Hapo ndipo ilipotakiwa kuisha. Lakini yeye aligeuza kijiko akaanza kugonga kopo, mara kwenye kifuniko, mara ubavuni, sauti moja juu na nyingine chini, haraka haraka, kisha akanyamaza na kutazama mbele. Nilifikiri ni furaha ya mzee. Nikaiacha, ilipendeza. Nikaendesha baiskeli mpaka mahali ambapo mtandao una nguvu, nikatuma.

Majibu yalikuja baada ya muda, yameandikwa kwa mpangilio, kila sekunde na kosa lake. Shati la baba lina mstari wa rangi ya kampuni nyingine. Kijiko kimeficha nembo. Povu halionekani. Na pale mwisho: kopo lisipigwe. Kopo likipigwa linasikika tupu, na mteja atadhani tunauza hewa.

Yaya alinitumia na ujumbe wa sauti. Alikuwa anacheka huku nyuma yake watu wa ofisi wakiongea. Akasema anajua kopo lilikuwa limejaa, alilituma mwenyewe, lakini ndivyo walivyo, niwasamehe. Nami nilicheka. Nilipomweleza baba, yeye hakucheka.

Mara ya pili alivaa shati jingine, akashika kijiko vizuri, akaonyesha povu. Alipomaliza, akagonga tena. Nikamkumbusha, tukarudia. Akagonga tena, safari hii polepole zaidi, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nikazima simu, nikamwambia kwamba kwa namna hii watatutupa na kumchukua mzee mwingine, wazee si wachache nchi hii.

“Hiyo haiko kelele,” baba akasema. “Njo jina ya dada yako.”

Niliketi chini. Akanieleza akiwa ameshika kopo kama mtu anayelipima joto. Kwao, zamani kabla ya simu, kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma. Ngoma ya gogo ina midomo miwili, sauti ya juu na sauti ya chini, na mapigo hufuata kupanda na kushuka kwa sauti katika lugha yao. Jina la ngoma ni refu, kama methali, na ndani yake limo jina la baba yako pia, ili mto wote ujue ni nani anaitwa na ni wa nani. Dada alipozaliwa, baba alimpa jina lake. Mjini hapakuwa na gogo, basi alikuwa akiligonga kwenye beseni lililogeuzwa.

Na mimi nikakumbuka. Nikakumbuka lile beseni, na dada anaacha kamba ya kuruka katikati ya mchezo na kukimbia nyumbani, wakati watoto wengine wanaitwa kwa midomo. Mimi pia niliitwa kwa mdomo. Miaka yote nilidhani baba alikuwa anapiga beseni tu, na dada alikuwa na masikio ya paka. Nilimuuliza kwa nini mimi sikupewa jina kama hilo. Akanitazama kwa huruma kidogo, akasema nilipozaliwa mimi alikuwa safarini muda mrefu, na aliporudi nilikuwa tayari nimezoea kuja nilipotaka.

Nilimuuliza basi kwa nini asiseme tu kwa maneno mbele ya kamera, mwanangu, rudi nyumbani. Ningeomba watu wa kampuni. Maneno huenda yangepita kwa urahisi kuliko kelele.

“Kwa mudomo ningemuomba,” akasema. “Na mimi njo nilimufukuza, nitaomba na mudomo gani? Kwa ngoma siombi. Naita tu. Akitaka anakuja.”

Nilimwandikia yaya yote, jinsi ilivyo. Hakujibu siku hiyo. Siku iliyofuata alinipigia simu yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema hawezi kuahidi kitu lakini atapeleka. Sauti yake ilikuwa nzito. Aliniambia kwamba baba yake alikufa Bukavu yeye akiwa kazini, kisha akaomba radhi kwa kuniambia hayo, kwa sababu hayahusiani na maziwa.

Alipigana kweli. Msimamizi wa matangazo alipenda, hata akasema ni jambo zuri sana, la kwetu. Mlinzi wa rangi hakuwa na neno. Lakini mwanasheria aliuliza sauti hizo zinasema nini. Haiwezekani kampuni itoe ujumbe ambao haiujui, labda ni tusi, labda ni siasa. Baba aliposikia aliona ni haki. Akasema hata yeye zamani hakubeba mzigo bila kuuliza ndani kuna nini. Akaniambia maana ya jina, nikaiandika kwa Kiswahili, yaya akaigeuza Kifaransa. Hapa sitaiandika. Ni ya dada.

Mwanasheria akataka mtu wa pili athibitishe. Nikavuka mto kwenda kwa katekista mmoja mstaafu ambaye naye ametoka upande wa Yanonge. Sikumweleza chochote. Nilimwekea sikioni simu yenye sauti ya kopo. Mzee alifumba macho, na kabla haijaisha akauliza kama binti anayeitwa bado yuko mbali. Nilirudi kwenye kivuko nikitabasamu peke yangu kama mwehu. Nikamtumia yaya ushahidi huo, nikaamini tumemaliza.

Jibu lilikuja kwa sauti ya yaya, polepole, kama anasoma kitu asichotaka kukisoma. Sasa wamekubali kwamba ni jina. Na kwa kuwa ni jina la mtu aliye hai, mtu huyo hawezi kutajwa katika tangazo bila yeye mwenyewe kutia sahihi kwamba ameridhia. Wamenitumia karatasi. Dada aijaze, aweke na nakala ya kitambulisho chake, na hapo kopo linaweza kupigwa.

Nilikaa na jibu hilo kutwa nzima kabla ya kumwambia baba. Nilizunguka mji kwa miguu, nikatazama watu wakishusha ndizi, nikauliza bei ya vitu ambavyo sikutaka kununua. Nilipomwambia, alinitaka nirudie. Nikarudia.

“Bon. Banataka yeye asaini kwanza, njo mimi nimuite.”

“Ndiyo, papa.”

“Angekuwa hapa ya kusaini, ningemuita juu ya nini?”

Nilimfikishia yaya swali hilo. Alisema alimpelekea mwanasheria maneno ya baba kama yalivyo, na kwamba mwanasheria si mtu mbaya, ila alijibu kwamba sheria ni ile ile kwa wote. Muda wa tangazo ulikuwa unakwisha. Tuchague, ama tutoe video bila kugonga, ama tuache.

Nilimwambia baba tuache. Sikuwa nasema kwa hasira. Kuacha vitu ni kazi ninayoijua vizuri. Lakini yeye alifikiri akiwa ametazama ukuta, akasema kwamba hata bila jina, uso utafika. Mtoto akiona uso wa baba yake amenyoa, amekaa nyumbani kwake, si ni kitu?

Tukarekodi kwa mara ya mwisho. Maelekezo mapya yalisema mikono ya mzee itulie. Kwa hiyo alipomaliza kunywa na kusema neno lake, aliweka kijiko, akaiweka mikono yake juu ya magoti, na akatazama mbele. Nilimwona kupitia kioo cha simu. Vidole vilikuwa vimebana kitambaa cha suruali kama vitoto vinavyozuiwa kwenda nje. Nilihesabu kimya mpaka mwisho, nikasema imetosha. Aliendelea kukaa hivyo.

Kampuni iliongeza muziki. Neno “validé” likaja, na chini yake bosi mwenyewe alikuwa ameandika kwamba mzee ametulia vizuri.

Video ikatoka, ikaenda kama walivyoahidi. Ilipendwa. Watu walijaza maoni, wengine kutoka miji ambayo sijawahi kufika, na mimi nimefika kwingi. Kila asubuhi baba aliuliza kama kuna ya Kinshasa. Zilikuwepo nyingi za Kinshasa. Nilimsomea moja moja: wanaosema mzee anafanana na tonton, mjomba wao, wanaouliza maziwa yanauzwa wapi, mjinga mmoja aliyesema meno ya mzee ndiyo yako na roho. Baba alisikiliza zote mpaka mwisho, kisha akasema, “Si yeye.” Siku moja hakuuliza. Nami nikaacha kusoma.

Mama wa vitenge alirudi safarini wakati mvua zimeshika. Alikuja kwetu kabla hata ya kufungua mizigo yake, akaketi karibu na baba, akavua kilemba akakipanga upya, na nikaona hajui aanzie wapi. Akamwambia baba kwamba amemwona mtoto wake. Walikuwa pamoja sokoni Kinshasa video ilipotokea kwenye simu ya dada. Dada aliita watu waje waone, huyu ni papa yangu, muangalie papa yangu. Mama alisema hakuwahi kumwona akicheka vile. Kisha dada akaangalia tena, peke yake. Akaangalia mara nyingine, simu karibu kabisa na uso. Mwishoni alikuwa hatazami uso wa mzee, anatazama chini, kwenye magoti.

“Akanambia, ‘Mama, ona mikono yake,’” mama akasema. “‘Kopo iko mbele yake, kijiko iko mbele yake, na anatulia tu. Njo kusema jina yangu ameizika.’”

Mama akaeleza kwamba alijaribu kumtuliza, akamwambia ni tangazo tu la maziwa, lakini dada aliifunga simu. Siku chache baadaye alivuka kwenda Brazzaville na mume wake, wanatafuta maisha huko. Namba hakuacha. Mama ana rafiki huko ng'ambo, na safari ijayo atauliza, atauliza kila mahali, lakini hataki kumdanganya baba, huko nako ni kukubwa.

Baba hakulia. Aliniomba nimwekee ile video. Nilikuwa naogopa, nikaiweka. Aliitazama kama kitu cha mtu mwingine. Ilipofika pale ambapo muziki unapanda na yeye ameketi ametulia, akaugusa mkono wake kwenye kioo, na kwa sababu aliugusa, video ikasimama.

“Nilitii batu ambao hata sibajue,” akasema.

Nilimwambia video ya kwanza bado ninayo, ile yenye sauti ya kopo, nampa mama aende nayo. Alitikisa kichwa. Ile aliigonga kwa ajili ya mtu ambaye hajaona kitu, na sasa dada ameona. Akataka amgongee dada upya, kwenye simu ya mama wa vitenge. Nikaleta kopo. Lilikuwa limeisha zamani, tulikuwa tunawekea chumvi, nikalimwaga na kulifuta. Mama akashika simu yake kwa mikono miwili, akiwa amebana pumzi kama anapigwa picha ya kitambulisho.

Baba alianza. Katikati vidole vikamkosa, sauti ya chini ikaja mahali pa juu. Akasimama, akasema tuanze tena. Mara ya pili aliteleza palepale, pale ambapo jina la mtoto linaishia na la kwake linaanza. Mvua ilikuwa inapiga bati na tukaingoja ipungue. Mara ya tatu alifika mwisho. Akakiweka kijiko mezani, kwa uangalifu, nembo ya kopo ikitazama mbele kama walivyomfundisha.

Kisha akanigeukia, mimi ambaye siijui ngoma, akaniuliza kwa sauti ndogo ileile niliyokuwa nikiitumia mimi kumwuliza yaya kama video imekubaliwa.

“Inapita?”